Ropate Amekuja na Jino

Kitione hakumkaribisha Ropate. Ropate aliingia mwenyewe, akapiga magoti karibu na mlango, mahali pa kukaa mtu wa hadhi ya chini kabisa, akaweka jino la nyangumi, lile la kuombea radhi, juu ya mkeka.

"Umekosea siku, shemeji," Kitione akasema. "Ndege ya Hong Kong inaondoka kesho. Nenda kapige pasi jezi yangu."

Miaka kumi na mmoja alikuwa ameichezea Fiji raga ya wachezaji saba. Wiki iliyopita daktari wa timu alimwita, akamsomea mambo ambayo Kitione hakumwambia mtu: kichwa kinamgonga, asubuhi anatapika, siku moja alisahau jina la mwanawe. Akafutwa kikosini papo hapo, na si kwa safari hii tu. Jezi akapewa Ropate, kaka wa mkewe, ambaye kambini alilala naye chumba kimoja.

Nani mwingine angesema?

"Daktari alikupa chai kwanza, au ulianza kubwabwaja ukiwa mlangoni?"

Walikuwa watani tangu siku ya harusi. Leo Ropate alilinyanyua tu jino kwa mikono miwili, macho chini.

"Aliyekukosea anaomba jambo hili life hapa."

Aliyekukosea. Ndivyo wanavyosema siku zote, hakuna anayejitaja.

Kitione alitamani kulitupa nje. Lakini ukoo mzima wa mkewe ulikuwa uani, juani. Kulikataa jino ni kuwafukuza wote, na Akanisi, mkewe, aliyejificha kwa mama yake tangu majina ya kikosi yasomwe, bila shaka kwa aibu ya kaka yake, asingerudi tena. Kulipokea nako ni kuzika kesi: hulipizi, huulizi, hulitaji jambo hilo hata ukiwa umelewa.

Alimtazama Ropate kisogoni. Mtu aliyemchoma kisu mgongoni, na bado alitakiwa amshike mkono.

"Nalipokea," akasema mwishowe. "Kwa ajili ya dada yako. Si kwa ajili yako, mbwa wewe."

Akalitwaa, akapiga makofi matatu ya kupokea. Uani watu wakashusha pumzi.

Ropate akainua uso kwa mara ya kwanza, akageukia mlango.

"Ingia, dada," akaita. "Amepokea. Hawezi tena kukuuliza kwa nini ulisema."