Mbao za Dirishani

Unapita nje ya karakana hii ya magauni ya harusi kila siku, na kila siku unageuza shingo upande wa pili. Mwaka jana fundi mmoja alitolewa amebebwa, ukasema ni malaria. Madirisha yamepigiliwa mbao ili wapita njia wasiibe mishono. Ndani, bati linachoma juu na balbu zinachoma usoni.

"Tuzime taa kidogo, kaka Mbwiga," alisema Zamda, fundi mjamzito. "Nasikia kizunguzungu."

"Zima," alijibu msimamizi. "Jana ulizima, ukajishona kidole. Chagua, joto au giza."

"Mwanga na hewa viko hapo nje, bure."

"Na wezi wa mishono je?"

"Wataiba mshono gani, huu uliolowa jasho?"

Mafundi wakacheka. Zamda hakucheka. Aliinuka, akachomeka mkasi nyuma ya ubao, akasukuma kwa uzito wake wote. Msumari ukalia, ukatoka. Jua na upepo vikampiga shingoni. Mbwiga akaacha kiti chake, akamfuata.

Ubao umeachia upande mmoja tu. Wewe uliye nje, ingiza vidole kwenye huo ufa, uvute. Sasa hivi.