Kilima cha Abu Auda

Sheikh Minwar alipokea kikombe cha kahawa, akakiweka chini juu ya zulia, akafumbata mikono. Hakukinywa. Wazee aliokuja nao kutoka Karaki nao wakaviweka vyao chini, kila mmoja akitazama vidole vyake vya miguu. Na pale karibu na mlango, Mutasimu, mhandisi wa kampuni ya umeme wa upepo, alikuwa amekaa wima kama mshale, kavaa suti iliyopigwa pasi mpaka ikatoa makali.

Abu Auda akahisi jasho linamteremka mgongoni. Mgeni akiiweka chini kahawa yako, jua ana haja kwako, na hataigusa mpaka umkubalie. Ukimnyima, kahawa ikapoa, habari itafika kila hema na kila duka la Tafila kabla ya adhana ya alasiri. Watakusema wewe, na wajukuu zako watasemwa.

Na haja yenyewe aliijua. Kilima.

Kampuni ilikwisha simamisha minara kwenye matuta yote ya ng'ambo. Mapanga ya ile minara yalipandishwa kwa malori marefu ajabu, hata ukuta wa mwoka mikate ukabomolewa pale konani ili lori lipate kupinda, kisha ukajengwa upya. Watu walipanda juu ya mapaa wakashangilia kama waliopata arusi. Abu Auda peke yake alibaki chini, kanuna. Kilima chake ndicho kilichokuwa na upepo kushinda vyote, na juu yake ndipo babu yake alipokuwa akipepeta ngano.

"Huu upepo nimeurithi," alikuwa akisema. "Wao nao wakatafute wa babu yao."

Aliyetumwa kumbembeleza ni huyo Mutasimu. Mara ya kwanza alikuja na ramani. Akaambiwa hapana, akanywa chai, akaenda zake. Akarudi. Akaambiwa hapana, akanywa chai, akaongeza nyingine. Mwisho akawa anakuja bila hata ramani, "Hujambo ami, habari za mbuzi ami," na macho yake hayakielekei kilima kabisa. Vile vigingi vyekundu ambavyo kampuni ilivipigilia kandokando ya kilima vikang'olewa, na msingi wa mnara ukaanza kuchimbwa kwa jirani.

"Wamekata tamaa," alisema Ummu Auda, mkewe.

"Wewe huwajui hao. Mwindaji hujificha ili kwale atoke. Kama wamekata tamaa, huyu kijana anafuata nini hapa kila Alhamisi? Chai?"

"Labda anaipenda chai yetu," alisema Wadha, binti yao, kainamia birika.

Halafu kukatokea kioja. Mama mmoja alishuka kwa gari kutoka Karaki, akasema anatafuta jamidi, yale maziwa makavu, anunue. Akashinda na wanawake wa nyumba kutwa nzima, wakacheka, wakaoneshana nguo, na jioni akaondoka mikono mitupu.

"Mtu wa Karaki!" Abu Auda alifoka. "Jamidi yao inasifiwa nchi nzima, aje kuitafuta kwetu? Huyo ni jasusi wa kampuni!"

Ummu Auda alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, akasema amepaliwa.

Basi Sheikh Minwar alipotuma salamu kwamba Ijumaa atakuja na wazee, wana haja, Abu Auda alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kampuni imekodi ndevu! Ndevu za Karaki! Sasa nikiwanyima wazee wazima, uso wangu nitauficha wapi?"

Wadha alikuwa akikaanga buni. Alikoroga taratibu, wala hakuinua kichwa.

"Baba, usingoje waseme. Wakishalitamka neno kilima, umenasa. Watangulie wewe. Waambie: kunyweni, lolote mtakaloomba nimelikubali, ila kilima. Hapo umewakirimu, na kilima chako kimebaki."

Abu Auda alisimama. Akaanza kutabasamu upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Wallahi, akili hii umeitoa kwangu."

"Ndiyo, baba. Lakini uape, wasije wakadhani unatania."

Sasa Sheikh Minwar akakohoa, akaweka kilemba chake sawa. "Abu Auda, sisi tumekuja kwako, na wewe ni mtu wa watu, tuna..."

"Subiri, Sheikh!" Abu Auda alikwisha nyanyua mkono. "Nyumba hii ni yenu. Kunyweni kahawa yenu. Naapa kwa Mungu aliyeziumba mbingu, lolote mtakaloomba nimelikubali, na sirudi nyuma hata nijute. Ila kilima! Kilima, hapana."

Akamtupia Mutasimu jicho, apate kuuona uso ukimshuka. Kijana alikuwa akimeza mate.

Sheikh akamtazama mzee wa kulia kwake, mzee akamtazama Sheikh. Ghafla Sheikh akakinyakua kikombe, akakikausha kwa pumzi moja. Wazee nao wakavinyooshea mikono vikombe vyao, wakanywa haraka haraka kama watu waliosikia mzinga wa magharibi mwezi wa Ramadhani.

"Mungu akuzidishie, Abu Auda," alisema Sheikh, akijifuta masharubu. "Nami nilikuwa nimejiandaa kubembeleza mpaka jioni. Kilima kaa nacho, kikufae. Huyu kulia kwangu ni baba yake Mutasimu, na hawa ni ami zake. Wamekuja kumposea kijana wao binti yako, Wa..."

Jina halijatimia, vigelegele vilikwisha pasuka nyuma ya pazia.