Watu wa Silas

Jino lilikuwa katikati ya mkeka, juu ya kipande cha gazeti, na wazee watano walikuwa wakilitazama.

Lilikuwa jino la mbele la Nunow, dalali wa mifugo. Aliyeling'oa ni Silas, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa Kakamega aliyekaa Garissa miaka sita. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewasikia wawili hao wakibishana kwa jambo lingine ila mpira.

Nunow alikuwa mtu wa mpira wa miguu. Silas alikuwa mtu wa raga. Kila jioni walikunywa chai ya maziwa ya ngamia katika hoteli ya Qali, na kila jioni walianza upya. Nunow alisema mpira wa raga ni mpira wa kawaida uliokaliwa na ngamia. Silas alisema wachezaji wa Nunow wakipigwa na upepo tu wanaanguka na kuita daktari. Qali aliwaomba wapunguze sauti, kuna watu walikuja kula.

"Raga ni undugu," Silas alipenda kusema. "Mwenzako akianguka, unamfunika na mwili wako."

"Undugu na nani, warya, wewe bwana?" Nunow alimjibu siku moja. "Mji mzima huu mtu wa raga ni wewe peke yako."

Watu walicheka. Silas naye alicheka, lakini chai yake hakuimaliza. Nunow alikitazama kile kikombe kilichobaki mezani.

Mwishowe walikubaliana kucheza. Nusu ya kwanza mpira wa miguu, nusu ya pili raga, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya soko la mifugo. Nusu ya kwanza Nunow alimpiga Silas chenga mpaka watazamaji wakaanza kumhurumia. Nusu ya pili Nunow aliubeba mpira mkononi, akakimbia huku akitazama nyuma na kucheka. Silas alimkamata kiunoni. Walianguka wote wawili, na Nunow akainuka bila jino.

Silas aliomba msamaha papo hapo. Alisema atampeleka kwa daktari wa meno na gharama zote ni zake. Nunow alifuta damu mdomoni.

"Hapana," akasema. "Hili litaenda kwa wazee."

Maneno hayo yalimuuma Silas kuliko ngumi. Waliumizana mchezoni, wakicheka, na sasa ni kesi. Wiki nzima Nunow hakukanyaga kwa Qali. Watu walimwona akizunguka nyumba za jamaa zake, moja baada ya nyingine, akiongea kwa sauti ya chini. Silas aliamini anawachochea. Alianza kuzifunga zana zake kwenye magunia. Garissa alikuwa na rafiki mmoja tu. Kama huyo amegeuka adui, afadhali arudi kwao.

Kesi ilisikilizwa Alhamisi, chini ya banda la mabati sokoni. Upande mmoja alikaa Nunow na jamaa zake, wengi mpaka wengine wakakosa kivuli. Upande wa pili alikaa Silas, peke yake. Alikuwa amemwomba Murithi, muuza miraa kutoka Meru, aje akae naye. Murithi alimshauri atume pesa kwa simu yaishe, na hakuja.

Mzee Warfa, aliyeongoza kikao, hakuwahi kuona raga maishani mwake. Aliuliza kama ni kweli mchezo huo unaruhusu kumwangusha mtu. Silas akasema ndiyo. Mzee akaomba aonyeshwe. Silas alisimama, akalikumbatia gunia la pumba na kuliangusha taratibu, kwa heshima. Wazee walinong'onezana. Mmoja akaomba arudie.

Hukumu ilikuwa fupi. Hakukusudia, lakini jino ni jino. Mbuzi kumi kwa upande wa Nunow.

"Kwa mila yetu mtu halipi peke yake," Mzee Warfa alimweleza. "Watu wake humchangia. Na wewe uliyechangiwa leo, mwenzako akikosea kesho, utamchangia. Hivyo ndivyo tunavyojua nani ni ndugu wa nani. Sasa, fundi, watu wako wako wapi?"

Silas alitazama chini. Alisema mama yake yuko Kakamega. Alisema hapa hana mtu, atalipa mwenyewe kidogo kidogo.

Mzee Warfa alitikisa kichwa. Alisema mbuzi kumi ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja. Kisha akainua macho na kuwatazama wote waliokuwa bandani.

"Nauliza mara ya mwisho. Nani anasimama na Silas?"

Ng'ombe tu walisikika huko nje, na madalali wakibishana bei.

Nunow aliinuka. Alichukua viatu vyake, akazunguka mkeka, akaketi kando ya Silas mpaka mabega yao yakagusana.

"Mbuzi wa kwanza ni wangu," alisema.

Mjomba wake akainuka, akamfuata. Kisha binamu zake. Kisha wale waliokuwa juani, mmoja mmoja, wakisukumana kutafuta nafasi nyuma ya fundi. Mzee Warfa alisubiri mpaka wa mwisho alipokaa. Aliutazama upande uliobaki mtupu, akawageukia wazee wenzake.

"Sasa mbuzi hawa tumpe nani?"