Kidonge cha Jumapili

Uji ulimchoma Yasinta mdomoni, na wala haukuwa wa moto.

Akaupuliza hivyo hivyo, asimuudhi mama yake aliyetoka Moshi kuja kumuuguza. Tangu mama afike hapa ughaibuni, mjini Mesquite, magamba ya soriasisi, ule ugonjwa wake wa ngozi, yalikuwa yameanza kumbanduka viwikoni, na ngozi iling'aa kwa Vaselini.

Ilikuwa Jumapili, siku ya kidonge. Daktari alimwonya: kimoja tu kwa wiki, asithubutu kuzidisha, kikizidi ni sumu. Akafungua kichupa. Vilipaswa kubaki saba. Kilikuwa kitupu.

"Mama, dawa yangu iko wapi?"

"Wiki nzima nakusagia kwenye uji, kimoja kila asubuhi." Mama alikuwa akikoroga sufuria, hana wasiwasi. "Wewe unakunywa Jumapili kwa Jumapili kama mtu anayekwenda misa. Utapona lini? Hebu jitazame mikono inavyopona."

Yasinta hakuitazama. Alipitisha ulimi kwenye fizi, akazikuta zimechubuka kote. Ukingoni mwa kikombe palikuwa na damu.

"Maliza, mwanangu," mama akasema. "Cha mwisho kimo humo. Kesho tukachukue vingine."