Mara Mbili kwenye Goti

Siku Évariste alipoacha kiti cha kando yake na kupanda jukwaani, Valérie alishika mbao za kile kiti kitupu mpaka mchezo ukaisha.

Surua ilikuwa imempofusha macho yote mawili akiwa mtoto. Hata hivyo, tangu waoane hakuwa amekosa mchezo hata mmoja katika ukumbi wa parokia. Évariste, mume wake, alikuwa na namna yake. Kwanza alimpitisha nyuma ya pazia, wachezaji wakiwa bado wanataniana na kupakana unga usoni, ili aguse mavazi yao na ajue sauti ya kila mmoja. Kisha waliketi mbele, upande wa kushoto, mbali na ngoma, naye akamnong'oneza: huyu ameingia na mkuki, yule anajifanya hamwoni. Pazia likifungwa, alimgusa goti mara mbili. Hapo Valérie alijua wakati wa kupiga mikono umefika. Zamani, kabla hawajapatana juu ya goti, alikuwa amepiga mikono mahali watu wanalia, na ukumbi mzima ukamcheka.

Sasa Évariste alitakiwa jukwaani. "Wamekosa mutu mwenye sauti," alisema.

Kiti chake kilichukuliwa na Adolphine, dada wa Évariste, ambaye hakupenda maneno mengi.

"Ameingia," Adolphine alinong'ona.

"Nani?"

"Ule."

"Amevaa nini?"

"Nguo."

Valérie hakulalamika kwa Adolphine. Alimwomba tu Évariste arudi kukaa kando yake.

"Nimalize huu mchezo mumoja," Évariste alimjibu. "Kisha nitarudi, na sitatoka tena."

Mchezo huo ulikuwa wa posa. Kijana anakwenda kuomba msichana aitwaye Delphine kwa wazazi wake. Évariste alifanya mazoezi nyumbani baada ya kutoka ofisini, na Valérie alishika nafasi ya baba wa msichana.

"Munipe mutoto wenu, nitamutunza," Évariste alisema.

"Unakimbia. Mutu anayeomba hakimbii. Sema 'nitamutunza', halafu unyamaze kidogo. Uwaache wakuangalie."

Alirudia tena na tena mpaka sauti yake ikatetemeka pale inapotakiwa. Valérie aliona fahari. Ilikuwa kama amerudi kando yake tayari. Wiki ile Évariste alipaka chokaa pia chumba kidogo cha kando ya jikoni. Kitakuwa cha kuwekea mavazi ya mchezo, alisema.

Jumapili ilipofika, Évariste alitangulia. Adolphine alimshika Valérie mkono, lakini hawakushika njia ya parokia. Walipanda kuelekea mtaa wa Kadutu.

"Paa ya sale ya parokia inavuja," Adolphine alisema. "Leo watachezea mu lupango ya watu."

Katika ua huo Valérie alipewa kiti cha mbele kabisa. Chini ya miguu yake kulikuwa na majani yaliyotandikwa. Alisikia harufu ya pombe ya ndizi, na mahali fulani karibu ng'ombe alikuwa akipumua.

"Mumeleta mpaka ng'ombe?"

"Leo kila kitu iko ya kweli," Adolphine alisema.

"Na mavazi? Twende niguse kwanza."

"Hakuna pazia, yaya," Adolphine alisema, akimwita dada mkubwa. "Kaa."

Kisha Évariste akaanza kusema. Valérie alisogeza midomo pamoja naye, neno kwa neno. Munipe mutoto wenu, nitamutunza. Akanyamaza kidogo, pale pale alipofundishwa. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Huyu anajua kusema," ikajibu sauti ya mzee ambayo Valérie hakuwahi kuisikia. "Nani alimufundisha?"

"Bibi yangu wa ndoa," Évariste alijibu.

Watu wakacheka. Jibu hilo halikuwamo katika mazoezi. Valérie alitabasamu. Évariste alipenda kuongeza maneno yake.

"Sawa," mzee akasema. "Lakini sisi hatutoi mutoto kwa kujificha. Bibi mukubwa, ule wa kwanza, apige mikono mbele ya watu wote, tujue amekubali. Hapo njo tutakunywa."

Valérie alimwinamia Adolphine. "Kumbe kuna bibi mukubwa? Hakuniambia. Nani anamucheza?"

"Utamusikia."

Ua wote ukanyamaza. Valérie alifikiri kwamba yule mwanamke amesahau zamu yake, akamwonea huruma, maana aibu ya mbele za watu aliijua. Alisikia majani yakikanyagwa, mtu akija upande wake na kuchuchumaa karibu na kiti.

Mkono ukamgusa goti mara mbili. Haukuwa mkono wa Adolphine. Ulikuwa wa Évariste. Alikuwa amerudi kando yake, kama alivyoahidi.

Valérie akapiga mikono kwa nguvu zake zote. Alipiga peke yake.

"Tumesikia," mzee akasema. "Mulete pombe."

Tangu siku ile, Delphine analala na Évariste katika chumba kikubwa. Valérie analala kando ya jikoni, katika chumba cha mavazi, ambamo hakuna vazi la mchezo hata moja.