Koili ya Mzee Shoto

Tanuru la plasma lilikuwa limezimwa, na koili ya zamani ilikuwa kiganjani mwa mama mhandisi, nyepesi kama ganda la yai. Miaka yote ilikaa ukutani mwa tanuru, ikipima sumaku inayouzuia ule moto wa plasma usiguse chuma. Leo ilikuwa inaipisha mpya, aliyoichora yeye mwenyewe.

Waya wa ile ya zamani ulizungushwa kinyume. Mzee Shoto, aliyemfundisha kazi, alitumia mkono wa kushoto, na vipimo vyake vikatoka kichwa chini, miguu juu. Yeye na mzee walicheka mpaka machozi, kisha wakatia alama ya kutoa kwenye kompyuta ili ivigeuze vipimo. Ikabaki humo hata baada ya kumzika mzee.

"Mpya tuizungushe sawasawa, dada," alisema fundi wa kompyuta. "Niifute ile alama, tupumue. Kila mgeni nikimweleza ananiona chizi."

"Wa mwisho kuwaeleza ni akina nani?"

"Wale wa juzi. Nikawapa na kile kisa cha mzee kuchovya waya kwenye chai akidhani ni gundi. Walivyocheka, we!"

Mama mhandisi aliigeuza koili ya zamani. Kwenye gundi ngumu ya koili, kidole gumba cha mzee kilikuwa kimeacha mistari yake. Akaipapasa taratibu.

"Kwa hiyo nifute?" Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya kibonye.

Mama mhandisi alichukua waya mpya, akauhamishia mkono wa kushoto.

"Usiguse," alisema, akaanza kuuzungusha kinyume.