Milimita Thelathini na Nane

Mkaguzi wa halmashauri alipiga magoti kwenye barabara ile ya milimani, kule Wales, akatumbukiza rula ndani ya shimo lililojaa maji ya mvua. Glenys alisimama pembeni, ameshika picha za tairi lililopasuka na rimu iliyopinda.

"Thelathini na nane," mkaguzi alisema, akiandika kwenye fomu ya madai. "Chini ya milimita arobaini hatulipi fidia, mama."

"Haya."

"Na hapa hukujaza. Siku ile ulikuwa unakwenda wapi?"

"Hospitali. Dada yangu alikuwa mahututi. Nilikaa hapa saa mbili nikingoja gari la kunivuta."

"Ulimkuta?"

Glenys aliyatazama maji yakichuruzika kwenye rula.

"Nilikuta wameshamfunika."

Mkaguzi aliirudia fomu yake. Kisha akaikata ile thelathini na nane, akaandika arobaini na mbili.

"Macho yangu siku hizi si mazuri," alisema, akimpa fomu atie sahihi.

Glenys alingoja machozi, au hasira, au japo shukrani. Hakikuja kitu. Aliikata arobaini na mbili, akairudisha thelathini na nane.

"Usilikuze shimo, mwanangu," alisema. "Lilikuwa dogo tu."